Dawa Asubuhi, Dagaa Juani: Kumaliza Matibabu ya Kifua Kikuu Bila Kupoteza Kazi

Mitumbwi ya chisense hurudi ufukoni alfajiri. Kuanzia Kashikishi, upande wa Zambia, ukipanda kaskazini kwa pwani ya Ziwa Mweru hadi Chiengi, kwenye nchi ya Chifu Mkuu Puta wa Wabwile, mambo ni yale yale: wavuvi wamekesha majini na taa zao, na kunapopambazuka ndoo zinashushwa, wanawake wameshafagia mahali pa kuanikia. Chisense, dagaa wetu wa huku, hana subira. Jua la asubuhi likimpita, jioni anakuwa bado laini, na usiku mmoja wa unyevu unatosha kumtia harufu. Kwa hiyo saa moja asubuhi kila mkono unahitajika mchangani.

Saa hiyo hiyo ndiyo saa ya dawa. Mgonjwa wa kifua kikuu anaambiwa aje kituoni asubuhi, kabla hajala, ameze vidonge vyake mbele ya nesi. Nilianza dawa nikiwa kwenye biashara ya dagaa. Wiki ya pili niliacha ndoo nne zimetandazwa nikaenda kufuata vidonge kwenye kituo kimoja. Mwenye ufunguo wa kabati alichelewa, mvua ikamtangulia, na niliporudi dagaa wote walikuwa uji. Siku hiyo nilitamani kuacha matibabu. Niliporudi kesho yake nilikuwa nimeshaelewa jambo ambalo hakuna aliyeniambia siku ya kwanza: mtu wa dawa za kila siku anahitaji mpango wa kazi sawasawa na anavyohitaji vidonge. Wengi wanaokatisha dawa wanajua vizuri kwamba kifua kikuu kinaua. Wanakatisha kwa sababu mchana haukuwatosha.

Mwongozo huu ni wa huo mchana. Nimeuandika nikiwafikiria wavuvi, wachuuzi na wakulima wa Nchelenge na Chiengi, pamoja na ndugu zetu waliotoka Kongo wanaoishi Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 2018. Ila mtu wa Kigoma, Mwanza au Kalemie naye ataikuta humu siku yake.

Saa zako zinaliwa wapi

Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu kisicho sugu huchukua miezi sita. Miezi miwili ya mwanzo unameza dawa nne zilizounganishwa ndani ya kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata zinabaki mbili, rifampisini na isoniazidi. Idadi ya vidonge kwa siku inategemea uzito wako. Watu wazima wengi humeza vitatu au vinne. Ukihesabu wiki nane za mwanzo na wiki kumi na sita za baadaye, unapata siku 168. Iweke namba hiyo kichwani, kwa sababu kila hesabu utakayoipiga humu inaizunguka.

Sasa chukua kijiti uandike mchangani. Kumeza vidonge na bilauri ya maji ni dakika mbili. Kama unatembea saa moja kwenda na saa moja kurudi, na unakaa kwenye benchi saa mbili, hizo ni saa nne. Mara siku 168 ni saa 672. Ukichukua siku ya kazi kuwa saa nane, umetoa siku 84. Karibu miezi mitatu ya kazi inakwenda njiani na kwenye benchi, na dawa yenyewe haijala hata saa sita katika zote hizo.

Ndiyo maana nasema usiombe kupunguziwa dawa, omba kupunguziwa njia. Kidonge hakigusiki. Lakini mahali unapomezea, nani anakushuhudia, unachukua dozi za siku ngapi kwa mkupuo mmoja, na unakaa zamu ya ngapi kwenye foleni, hayo yote yana mazungumzo.

Na mazungumzo hayo yana historia ya kukuunga mkono. Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alifungiwa hospitali ya mapafu kwa mwaka na zaidi. Utafiti ulioanzishwa Madras, India, mwaka 1956, ambao matokeo yake yalitoka 1959, uliwalinganisha wagonjwa maskini waliotibiwa nyumbani kwao na wenzao waliolazwa, wakapumzika na kulishwa vizuri. Waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na wale wa wodini, mradi walimeza dawa. Tanzania ilipoanzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, daktari Karel Styblo akiwa mshauri wake, wagonjwa walilazwa miezi miwili ya kwanza ili kila dozi ishuhudiwe, na sindano ya streptomaisini ilikuwamo kila siku. Mfumo ule uliponya watu wengi sana hata Shirika la Afya Duniani likaujenga kuwa mkakati wa dunia nzima katika miaka ya 1990. Baadaye Tanzania yenyewe ikalegeza: mgonjwa akaruhusiwa kuchagua kumezea kituoni au nyumbani mbele ya mtu anayemwamini. Sindano nazo zimeondoka kwenye matibabu ya kifua kikuu cha kawaida. Kwa hiyo unapomwomba nesi mpango wa nyumbani humwombi upendeleo. Unaomba kitu ambacho tiba yenyewe imeshakikubali.

Siku ya kwanza: zungumza kabla ya kumeza

Watu wengi siku ya kwanza wanakaa kimya. Wameshtuka, wana aibu, wanapokea kadi na kuondoka. Usifanye hivyo. Siku hiyo ndiyo unayo nafasi ya kupanga miezi sita, na nesi ana muda nawe kuliko atakavyokuwa nao tena.

Mwambie kazi yako kwa jina na saa zake. "Mama nesi, mimi natandaza dagaa kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu, na jioni nawakusanya kabla ya umande." Au, "Mimi navua usiku, narudi alfajiri, nalala mchana." Ukisema tu kwamba una shughuli nyingi, hana la kukusaidia, kila mtu ana shughuli. Ukimpa saa, anaweza kukuambia kwamba wa kifua kikuu wanahudumiwa kwanza kwa dirisha la nyuma, au kwamba uje saa sita akiwa ametulia. Kama wewe unasema Kiswahili na nesi anasema Kibemba, nenda na mtu wa kutafsiri siku hiyo ya kwanza, wala usitegemee mtoto. Mazungumzo haya yana mambo ya mkojo, uzazi na vipimo vya damu; mtoto hayabebi.

Kisha omba msaidizi wa matibabu, yaani mtu atakayekuona ukimeza na kutia alama kwenye kadi. Huyu anaweza kuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mwenzi wako, jirani, au kiongozi wa kanisa. Wengi humchagua mtu wanayempenda kuliko wote. Mimi nakushauri umchague mtu anayeamka unapoamka na kufanya kazi mahali unapofanyia. Mama mnayetandaza naye dagaa ufuko mmoja ni bora kuliko kaka yako mwenye huruma anayelala mpaka saa tatu. Mimi nilikuwa na mama wa namna hiyo. Alikuwa akiona mtumbwi unakaribia ananiita kwa sauti, "Dawa kabla ya ndoo!" na ufuko mzima ukajua. Mwanzoni niliona haya. Mwezi wa tatu watu wengine walikuwa wakiniuliza, "Leo umemeza?" hata siku ambazo yeye hakuwapo.

Ukipata msaidizi, kwenda kituoni kunabaki kwa ajili ya kuchukua dozi na kupimwa: mara moja kwa wiki, au kwa wiki mbili, au kwa mwezi, kama kituo kitakavyokubali. Rudi kwenye hesabu yetu. Ukienda mara moja kwa wiki badala ya kila siku, zile siku 84 zinakuwa 12.

Uganda walijaribu njia ya simu: mgonjwa akimeza kidonge anaona namba ya bure iliyofichwa kwenye pakiti, anapiga, na kituo kinajua amemeza. Ni njia nzuri palipo na mtandao wa uhakika. Kwetu, kwenye kambi za uvuvi ambako mtu anapanda kichuguu kutafuta mtandao, jirani mwenye macho bado ndiye njia ya kwanza.

Panga kwa mwezi wa mbinguni

Hapa wavuvi wana bahati ambayo watu wa mjini hawana, na sijaona kliniki inayoitumia. Chisense huvuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi gizani. Mbalamwezi ikiangaza, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi mingi inakaa nchi kavu siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo ndizo za kwenda kituoni. Omba tarehe ya kuchukua dawa na ya kupima makohozi iangukie siku za mbalamwezi. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia duara mwezi mpevu wa kila mwezi hadi miezi sita, mpelekee nesi. Ataandika kwenye kadi na hutapoteza usiku hata mmoja wa giza.

Kwa mvuvi wa usiku saa nzuri ya dawa ni anapotia nanga alfajiri, kabla ya kula chochote. Dawa hizi hunyonywa vizuri tumbo likiwa tupu, na mtu aliyekesha majini tumbo lake ni tupu kweli. Meza, shusha ndoo, kunja nyavu, na saa moja baadaye kula. Kama zinakutia kichefuchefu, mwambie nesi. Kumeza na chakula kidogo kunaruhusiwa, na ni afadhali kuliko kutapika dozi. Jambo moja tu usilifanye: usibebe dozi yako kwenye mtumbwi ndani ya mfuko wa shati. Maji ya ziwa hayachagui. Dozi za safari zikae kwenye chupa kavu yenye mfuniko wa kukaza, na nyingine zibaki nyumbani mbali na jua na watoto.

Kuna na msimu wa kufungwa ziwa. Kila mwaka Zambia husimamisha uvuvi hapa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Nimesikia watu wakisema, "Nitaanza dawa Desemba, ziwa likifungwa, nitakuwa na nafasi." Ndugu yangu, usithubutu. Ukigundulika Agosti anza Agosti. Miezi hiyo ya kungoja ni miezi ya kutoboka mapafu na kuwaambukiza watoto mnaolala nao chumba kimoja. Lakini ikitokea umegundulika na kuanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, basi msimu huo utakuwa umekushika mkono: ile miezi ya mwanzo, ambayo mwili ni mchovu na dawa ni nne, inaangukia wakati nyavu ziko juu ya miti. Na aliyeanza Agosti atakuwa ameshapata nguvu ya kutosha kulima mihogo na mahindi mvua zikianza.

Benchi ni mahali pa kazi

Hata ukipanga vipi, kuna siku utakaa kwenye benchi. Usiende mikono mitupu. Mvuvi, chukua sindano ya nyavu, kibiringo cha uzi na kipande cha wavu kilichoraruka. Kazi ya kushona nyavu inataka mkono uliotulia na jicho, haitaki kifua. Mama, karanga za kumenya zinaingia kwenye kitenge, na ukindu wa mkeka pia. Mwanafunzi, daftari lako. Wiki za mwanzo, ukiwa bado unaambukiza, kaa kwenye baraza la nje penye upepo. Huko nje ndiko pia kwenye mwanga wa kushonea.

Mchuuzi, benchi ni ofisi. Asubuhi ndiyo saa ambayo wanunuzi wa Mansa na wa Ukanda wa Shaba wanauliza bei. Piga simu zako hapo, pokea fedha kwa simu, andika kwenye daftari nani anadaiwa ndoo ngapi. Nilianza kuweka daftari la mauzo nikiwa kwenye benchi la kliniki, kwa sababu ya uchovu wa kukaa tu. Nilikuwa nimefanya biashara miaka mingi bila kujua faida yangu ilikuwa kiasi gani.

Hakuna mfano unaonipa nguvu kuliko wa Nelson Mandela. Agosti 1988, akiwa mfungwa wa miaka sabini, aligundulika ana kifua kikuu. Kiligunduliwa mapema, akatibiwa hospitalini Cape Town, kisha Desemba mwaka huo akahamishiwa gereza la Victor Verster akiendelea na maisha ya mfungwa. Masomo yake ya sheria hakuyatupa. Mwaka 1989 alipata shahada yake ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA. Na mwaka 2004, kwenye mkutano wa kimataifa wa ukimwi huko Bangkok, alisimama mbele ya dunia na kusema wazi kwamba aliugua kifua kikuu na akapona. Mzee yule alikuwa na mengi ya kuficha kama angetaka. Hakuficha hili.

Mwili una zamu yake

Kuendelea na kazi hakuna maana ya kujiua. Miezi miwili ya kwanza gawa kazi zako mafungu mawili: zinazotaka kifua na zinazotaka mikono. Kukokota wavu, kupiga kasia dhidi ya upepo, kubeba gunia, kutwanga mihogo, hizo za kifua mpe ndugu au kijana wa kukodi, hata kama atakula sehemu ya faida. Kugeuza dagaa, kuchambua, kupima, kuuza, kushona nyavu, kusimamia, hizo ni zako. Uzito ukianza kurudi, na kwa wengi hurudi, ongeza kazi moja kila wiki mbili. Usirudie zote siku ambayo kikohozi kimekoma. Hapo ndipo watu wanapoanguka, na hapo pia ndipo wanapoacha dawa wakidhani wamepona. Vijidudu vilivyobaki ni vichache lakini ni vigumu, na miezi minne ya pili ni kwa ajili yao.

Moshi uache kabisa. Kama kazi yako ni kukausha samaki wakubwa kwa moto, badilishana na mwenzako: yeye akae kwenye banda la moshi, wewe ukae juani na chisense. Pombe nayo, iwe kachasu ya upande huu au lutuku ya ng'ambo, iache miezi sita yote. Ini lako linachuja dawa kila siku, usiliongezee mzigo.

Kuhusu chakula, usikope pesa kununua maziwa ya kopo kwa sababu mtu alikuambia mgonjwa wa kifua lazima anywe maziwa. Chakula cha kujenga mwili unacho ufukoni. Nshima, au bukari kama tunavyosema tuliotoka Katanga, pamoja na chisense, majani ya mihogo na karanga, ni mlo wa mgonjwa anayepona. Weka ndoo ndogo ya dagaa kwa ajili ya nyumba kabla hujauza, uihesabu kuwa sehemu ya dawa.

Baadhi ya mambo yatakushtua bila sababu. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa au mwekundu. Ni rifampisini, endelea na kazi. Viungo vinaweza kuuma. Mwambie nesi, mara nyingi hutulizwa. Miguu ikiwaka au kufa ganzi, isoniazidi inahusika, na kuna vitamini B6 kwa ajili hiyo. Lakini macho yakiwa ya manjano, ukitapika bila kukoma, ukipata vipele mwili mzima, au ukiona ukungu au rangi nyekundu na kijani zikianza kukuchanganya, hapo acha ndoo, acha dagaa, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Nayasema haya kwa ukali kwa sababu najua mtu wa kazi atataka kumaliza kwanza mzigo ulioko juani.

Mama anayetumia vidonge au kipandikizi cha uzazi wa mpango amwambie nesi mapema, kwa kuwa rifampisini hupunguza nguvu zake. Anayemeza dawa za virusi vya ukimwi aseme pia, maana dozi ya baadhi ya dawa hizo hubadilishwa wakati wa matibabu ya kifua kikuu. Asiache moja ili kumpisha mwenzake.

Ukisahau dozi, imeze ukikumbuka siku hiyo hiyo. Ikishapita siku, usimeze mbili kesho yake. Mwambie msaidizi wako, iandikwe, na uendelee.

Nyumba, ufuko na maneno ya watu

Kifua kikuu huenda kwa hewa, mtu anapokohoa kwenye nafasi iliyofungwa. Hakiendi kwa kikombe, sahani, wala kwa dagaa uliowashika. Utasikia mteja akinong'ona kwamba asinunue kwako. Mjibu bila hasira, na kama unaweza, mwombe nesi au mhudumu wa afya apite ufukoni siku moja aseme mwenyewe. Neno la mtu wa afya likisemwa mara moja hadharani linauza dagaa kuliko wewe kujitetea mwezi mzima.

Kwa wengi, wiki mbili hivi za dawa zinazofanya kazi hupunguza sana uwezo wa kuambukiza, lakini nesi ndiye atakayekuambia kwako imefika. Mpaka hapo usilale kwenye kibanda kimoja na wenzako wa kambini. Kazi ya nje, juani na kwenye upepo wa ziwa, ina hatari ndogo sana kuliko usiku mmoja ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Kwa hiyo mwajiri anayekufukuza ufukoni lakini anakuachia ulale kibandani na vijana wanane amekosea pande zote mbili. Na watoto wako wapelekwe wakapimwe. Kuna dawa ya kuwakinga.

Ukivuka ziwa

Watu wa Mweru hatujui mpaka. Leo mtu yuko Kashikishi, kesho Kisiwa cha Kilwa, wiki ijayo Pweto kwa shemeji. Kadi ya matibabu isafiri nawe kama kitambulisho. Ukienda kwa siku chache, omba dozi za siku hizo na tatu za akiba, kwa sababu upepo wa ziwa ukiamua huvuki. Ukienda kwa muda mrefu, omba barua ya uhamisho yenye tarehe uliyoanza, dawa unazomeza, uzito wako na majibu ya makohozi. Bila barua hiyo, kituo cha upande wa pili kinaweza kukuanzisha upya, na siku zako 168 zinaanza kuhesabiwa moja.

Dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali vya Zambia, na hivyo ndivyo ilivyo Kongo, Tanzania na Kenya. Anayekutoza kwa vidonge hivyo anakuibia. Lakini bure ya vidonge haifuti nauli, chakula cha njiani na mapato ya siku uliyokosa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa wa kifua kikuu duniani hupoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya mapato yao ya mwaka kwa ajili ya ugonjwa huo. Kwa hiyo mwezi wa kwanza usinunue wavu mpya wala usichukue mkopo mpya. Kama uko kwenye kikundi cha kuweka akiba, waeleze wenzako mapema, uombe zamu yako ya kupokea iwe ya karibu na mchango wako upungue kwa miezi miwili. Kikundi kinaweza kumbeba mwanachama aliyesema. Aliyenyamaza kisha akashindwa kulipa kinamwona mdaiwa tu.

Na nyinyi manesi na waheshimiwa wa afya wa wilaya, kama ukurasa huu utawafikia: mtu mwenye makohozi yenye vijidudu asikae kwenye foleni moja na watoto wa homa, na mchuuzi asipoteze asubuhi yake kwa kungoja ufunguo. Wekeni dirisha la saa kumi na mbili na nusu kwa wa kifua kikuu, hata kwa nusu saa. Ufuko mzima utamaliza dawa.

Mwezi wa mwisho utakuwa mrefu kuliko yote, kwa sababu utakuwa na nguvu, ziwa litakuwa linakuita, na kadi itakuwa imebakiza visanduku vichache. Jaza vyote. Kisha usikimbie na dozi ya 168: makohozi hupimwa mwezi wa pili, wa tano na wa mwisho, na ni kipimo hicho cha mwisho kinachoandika kwenye kadi yako kwamba umepona. Kifanye hata kama chisense wako juani. Mwachie mwenzako awageuze.